Barua ya wazi kwa Bunge la Texas: mshahara wa jaji usirudi tena kwenye pensheni zenu

Kwa Waheshimiwa maseneta 31 na wawakilishi 150 mnaokutana Austin,

Salaam. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu wapo wapiga kura wenu wanaoizungumza lugha hii majumbani mwao, kuanzia Houston hadi Abilene, na mambo ya mahakama wamezoea kuyasikia kupitia mtu wa kati. Huyo mtu wa kati ndiye mimi. Nafanya kazi ya ukalimani mahakamani. Nyinyi hamkosi wa kuwatafsiria, kwa hiyo leo acheni wao wasome wenyewe.

Tarehe 1 Septemba 2025 ilianza kazi sheria mliyoipitisha, Muswada wa Seneti namba 293, na mshahara wa msingi wa jaji wa mahakama ya wilaya ukapanda kutoka dola 140,000 hadi dola 175,000 kwa mwaka. Sikuja kuipinga. Nimekuja kuzungumzia njia uliyopita mshahara huo hadi kufika hapo, ukiwa umefungwa kamba moja na pensheni zenu wabunge, maana mtakutana tena Januari 2027 na sioni kinachozuia mchezo ule ule kurudiwa.

Najua wenzangu wengi wakisoma kiwango hicho watakuna vichwa. Texas inafuata kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu, dola 7.25 kwa saa, ambacho hakijaguswa tangu 2009. Mtu wa kima hicho, afanye kazi saa 40 kwa wiki bila likizo hata ya siku moja, atahitaji zaidi ya miaka 11 kufikia mshahara wa mwaka mmoja wa jaji. Nikiwa nao kwenye meza ya chakula nikaanza kumtetea jaji, swali huja papo hapo: wewe umehongwa na nani? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na jaji wa Texas hana njaa. Hilo nalikubali mapema ili tusipotezeane muda.

Lakini niwaeleze nilichokiona nikiwa kazini.

Ilikuwa kesi ya malezi ya watoto. Jaji aliyeanza kuisikiliza aliijua vizuri. Alikuwa na kawaida ya kumgeukia mama yule, si mimi, anapouliza swali, kisha anasubiri tafsiri bila kupekua karatasi. Kesi ikiwa katikati, jaji akaacha kiti na kwenda kwenye kampuni ya mawakili. Kwa muda akaletwa jaji mstaafu kuziba pengo, kesi ikapigwa kalenda, ikapigwa tena, hadi akaja jaji mpya na ushahidi ukaanza kutolewa upya. Mama akapanda kizimbani mara ya pili. Nilitafsiri simulizi ile ile kwa mdomo ule ule, ila safari hii aliifupisha. Yale aliyoyasema mwanzo kwa shida, akikatishwa na kilio, aliyaruka. Amechoka, na pengine alidhani yameshaandikwa mahali fulani na jaji mpya anayo. Jaji mpya hakujua kuna kilichorukwa. Wakili wake naye alikuwa mwingine, hakuwepo mara ya kwanza. Mtu pekee mle ndani aliyejua ni mkalimani, na mkalimani ameapa kutafsiri kilichosemwa. Kilichoachwa si chake.

Simlaumu jaji aliyeondoka. Mwaka 2025 jaji wa mahakama ya wilaya ya serikali kuu, ambaye jengo lake mara nyingi liko mitaa michache tu kutoka kwa mwenzake wa jimbo, alikuwa analipwa dola 247,400. Kampuni kubwa za mawakili zinamwanzishia kijana aliyetoka chuo cha sheria jana kwa dola 225,000. Maana yake ni kwamba kwenye kesi kubwa ya biashara, kijana anayebeba mafaili ya wakili mkuu anaweza kuwa analipwa zaidi ya mtu aliyevaa joho mbele yake. Jaji huyo wa jimbo ndiye anayekata talaka zetu, ndiye anayehukumu mauaji, ndiye anayeamua shamba ni la nani. Hakuna mahakama inayogusa maisha ya mtu wa kawaida wa Texas kuliko ya kwake.

Sasa njoo kwenye miaka. Mara ya mwisho mshahara wa msingi kupanda kabla ya 2025 ilikuwa Septemba 2013, ulipofikishwa dola 140,000. Miaka 12 ukakaa pale pale. Katika kipindi hicho bei za bidhaa na huduma nchini Marekani zilipanda kwa karibu asilimia 38. Nyongeza yenu ni asilimia 25. Kwa hiyo baada ya shangwe zote zile, jaji wa leo anayelipwa mshahara wa msingi ananunua vitu vichache kuliko mwenzake wa 2013, na mkuki ulioanza kumchoma bado uko mwilini, umepunguzwa tu. Kaunti zinaruhusiwa kumwongezea kidogo juu ya mshahara wa jimbo, na nyingi zinafanya hivyo, ila hilo ni suala la kaunti na mfuko wake.

Kwa nini miaka 12? Jimbo halikukosa fedha. Kikao kile kile cha 2025 mlitenga dola bilioni 8.5 kwa ajili ya shule, na vikao vilivyotangulia mlikaa juu ya akiba ambayo majimbo mengine yanaiota tu. Majaji pia hawakunyamaza. Jaji Mkuu wenu, Nathan Hecht hadi alipostaafu na sasa Jimmy Blacklock, waliwaambia ana kwa ana kwamba Texas iko karibu na mkia wa orodha ya majimbo yote 50. Tume ya Mishahara ya Majaji, mliyoiunda wenyewe mwaka 2007, imekuwa ikiwaandikia ripoti kila baada ya miaka miwili.

Kilichokwamisha mnakijua, na naomba wasomaji wangu nao wakijue. Ninyi wabunge hamlipwi mshahara wa kueleweka. Katiba ya Texas inawapa dola 600 kwa mwezi, kiwango kilichowekwa mwaka 1975, yaani dola 7,200 kwa mwaka, pamoja na posho za siku za kikao. Pensheni yenu lakini haikuhesabiwa kwa dola 600 hizo. Ilihesabiwa kwa mshahara wa msingi wa jaji wa wilaya: asilimia 2.3 ya mshahara huo kwa kila mwaka wa utumishi. Chukua mbunge aliyekaa miaka 20. Asilimia 2.3 mara 20 ni asilimia 46. Mshahara wa jaji ukiwa dola 140,000, pensheni yake ni dola 64,400 kwa mwaka, karibu mara tisa ya mshahara aliokuwa akiupata alipokuwa kazini. Mshahara wa jaji ukipandishwa hadi dola 175,000 kwa kanuni hiyo hiyo, pensheni inaruka hadi dola 80,500. Hajaongeza hata siku moja ya kazi. Amepiga kura tu.

Hapo ndipo kila nyongeza ya jaji ilipogeuka kuwa mtego. Mbunge mwaminifu aliogopa kuiunga mkono, maana mpinzani wake kwenye uchaguzi angesema amejiongezea pensheni kwa mgongo wa jaji, na asingekuwa anadanganya. Mbunge asiye mwaminifu aliipenda kwa sababu hiyo hiyo. Jaji kakaa katikati, mikono mitupu, akingoja watu wamalize hesabu isiyomhusu. Mwaka 2025 Seneti na Baraza la Wawakilishi mlivutana juu ya kamba hiyo mpaka siku za mwisho za kikao, muswada wa majaji nusura uzame nayo, kisha mkaafikiana kwamba pensheni zenu zisipande pamoja na mshahara mpya. Mlifanya vizuri. Nawapongeza, na sisemi hivyo kwa adabu tu. Wapo waliojipunguzia kitu kwa kura ile, na katika siasa hilo ni nadra.

Wasiwasi wangu ni kwamba mlichokata kwa sheria ya kawaida kinaweza kuungwa tena kwa sheria ya kawaida, usiku mmoja wa mwezi wa Mei, katika kifungu cha mwisho cha muswada mrefu ambao hakuna mwananchi atakayeusoma.

Pennsylvania walilijua hilo kwa gharama kubwa. Kwenye saa nane usiku wa kuamkia tarehe 7 Julai 2005, wabunge wa jimbo hilo walipitisha nyongeza kwa majaji, kwa maofisa wakuu na kwao wenyewe, zote katika furushi moja, bila kuwasikiliza wananchi. Watu walichemka. Novemba mwaka huo huo, Jaji Russell Nigro wa Mahakama ya Juu ya jimbo aliangushwa kwenye kura ya kumbakiza kazini, jambo ambalo halikuwahi kumpata jaji yeyote wa mahakama hiyo. Wabunge wakaingiwa na hofu, wakaifuta sheria yote ndani ya mwezi huo. Mwaka uliofuata Mahakama ya Juu ikasema nyongeza ya majaji haiwezi kufutwa, kwa kuwa katiba yao inakataza kumpunguzia jaji mshahara akiwa katika muhula wake. Fikirieni sura ya jambo lile kwa mwananchi: wabunge wamerudisha fedha, majaji wamejihukumia wabaki nazo. Kisheria nadhani mahakama haikuwa na njia nyingine. Ila hadhi yake ilichubuka, na chanzo ni kufunga mizigo mitatu tofauti kwenye kamba moja.

New York walikosea kwa upande wa pili. Majaji wao walipata nyongeza mwaka 1999, jaji wa mahakama kuu ya mwanzo akawa na dola 136,700, kisha basi. Hawakuona senti nyingine hadi Aprili 2012. Kila mwaka karibu wote walikubali kwamba majaji wanastahili, na kila mwaka muswada ulikwama, kwa kuwa wabunge nao walikuwa wamekwama kwenye dola 79,500 tangu 1999 na hawakutaka kuwaacha majaji watangulie peke yao. Mwaka 2008 Jaji Mkuu Judith Kaye aliwashtaki gavana na bunge la jimbo lake mwenyewe. Februari 2010 mahakama ya juu kabisa ya New York ikaamua kwamba kuushikilia mshahara wa majaji ili kuuziana na mambo mengine yasiyowahusu ni kuvunja mgawanyo wa madaraka. Haikuwapangia wabunge kiwango. Iliwaambia tu: lijadilini suala hili kwa haki yake lenyewe.

Kilichofuata ndicho ninachotaka mkitazame kwa makini. Mwishoni mwa 2010 New York ilitunga sheria ya tume inayokaa kila baada ya miaka minne. Tume ikishapendekeza mshahara, pendekezo linakuwa sheria lenyewe, isipokuwa bunge lipitishe sheria nyingine ya kulibadili au kulikataa kabla ya tarehe 1 Aprili. Yaani kimya kimegeuzwa upande. Zamani bunge likikaa kimya, jaji alikosa. Sasa bunge likikaa kimya, jaji anapata, na mbunge anayepinga lazima ainue mkono aonekane. Mwaka 2012 mshahara ukawa dola 160,000, mwaka 2014 dola 174,000, na kuanzia Aprili 2024 ni dola 232,600. Mtu anaweza kusema ni nyingi mno, na mimi mwenyewe kidogo naona hivyo kwa maeneo ya vijijini ya jimbo lile. Lakini huo ni mjadala wa kiwango, unaoweza kufanyika mchana. Sioni tena jaji mkuu akimpeleka gavana mahakamani.

Tume yenu mnayo tayari. Ina wajumbe tisa, wanateuliwa na gavana na kuthibitishwa na Seneti, na si zaidi ya watatu wanaoruhusiwa kuwa mawakili, kwa hiyo hakuna atakayesema ni kilabu cha wanasheria wanaopangiana mishahara. Kinachokosekana ni meno. Ripoti inafika, inapokelewa kwa shukrani, inawekwa kabatini.

Ombi langu la kwanza basi: ripoti ijayo, inayotakiwa kuwafikia kabla ya kikao cha Januari 2027, iwe na nguvu kama ya New York. Ianze kutumika Septemba inayofuata, isipokuwa mabaraza yote mawili yaikatae kwa kura ya majina. Wanasheria wenu huenda wakasema Katiba inawataka ninyi wenyewe ndio mpange mshahara, na kwamba hamwezi kuigawa kazi hiyo. Sawa. Basi wekeni sheria kwamba pendekezo la tume lazima lipigiwe kura likiwa peke yake, bila kuchanganywa na kitu kingine, kabla ya mwisho wa Aprili wa kila kikao. Kikao kinaanza tarehe 12 Januari na siku zenu 140 zinaisha tarehe 31 Mei. Aprili bado mna akili timamu. Mei, mniwie radhi, hamna.

Na nyongeza ziwe ndogo ndogo za mara kwa mara. Asilimia mbili au tatu haimkasirishi mtu. Asilimia 25 kwa mkupuo, hata kama ni ya miaka 12, inampa kila mchochezi kichwa cha habari, na inamlazimu jaji aliyekuwa akivumilia kimya kimya kuonekana mlafi mbele ya dereva wa lori anayesikiliza redio.

Kuna neno nimelisikia likisemwa kwa majigambo, kwamba jaji anayetaka fedha aende akafanye uwakili. Wanakwenda. Hilo ndilo tatizo. Anayebaki, mbali na wale wenye wito wa kweli ambao nimewaona na nawaheshimu, ni yule mwenye mali tayari au yule ambaye kampuni hazimtaki. Tena kumbukeni kwamba Texas inachagua majaji wake kwa tiketi za vyama. Jaji wa wilaya kila baada ya miaka minne lazima achangishe fedha za kampeni, na wanaomchangia kwa wingi ni mawakili, wale wale watakaosimama mbele yake Jumatatu. Mliweka kikomo cha michango hiyo kwa sheria ya mwaka 1995, vizuri, lakini kikomo hakiondoi ukweli kwamba mkono wa jaji uko wazi mbele ya watu anaowahukumu. Mteja wangu hajui mambo ya michango. Anachoniuliza kwenye korido, kabla hatujaitwa, ni kimoja: huyu jaji anajuana na wakili wa upande ule? Nami sheria ya kazi yangu hainiruhusu kumjibu, na ingeniruhusu pia sijui ningesema nini.

Niseme pia kwamba mshahara huu haukuja bure, na sina ugomvi na hilo kwa ujumla. Sheria ile ile ya 2025 iliwabana majaji zaidi kwenye nidhamu, na Novemba wananchi wakapitisha Pendekezo namba 12 lililobadili muundo wa tume ya maadili ya majaji, sasa wengi wa wajumbe ni raia wa kawaida walioteuliwa na gavana. Jaji mvivu abanwe. Nimewahi kukaa na shahidi kutoka asubuhi hadi adhuhuri tukimngoja jaji asiyetoa sababu, na shahidi yule alikuwa anakatwa ujira wake wa siku. Ila angalieni msije mkashika mshahara kwa mkono mmoja na fimbo kwa mkono mwingine halafu mkaendelea kumwita mtu huyo huru. Moja ya malalamiko waliyoyaandika waasisi wa nchi hii mwaka 1776 dhidi ya mfalme wa Uingereza ni kwamba aliwafanya majaji wategemee matakwa yake katika kubaki kazini na katika malipo yao. Yote mawili. Hawakulalamikia moja.

Ombi la pili ni fupi. Kama dola 600 kwa mwezi hazitoshi, na kwa mtu anayeacha biashara yake siku 140 kila mwaka wa pili haziwezi kutosha, ombeni nyongeza kwa majina yenu. Katiba imewawekea njia: Tume ya Maadili ya Texas inaweza kupendekeza mshahara wa wabunge, na wapiga kura wakaamua. Mimi ningepiga kura ya ndiyo. Sipendi kutungiwa sheria na watu ambao ni matajiri pekee wanaomudu kazi hiyo. Najua ushauri wangu hauna mvuto kwa mtu anayetafuta kura, maana kumwomba mwananchi nyongeza uso kwa uso ni aibu, na kujificha nyuma ya joho la jaji si aibu mpaka ugunduliwe.

Wakalimani na makarani nao wana lao kuhusu malipo, ila hiyo ni barua ya siku nyingine na sitaki kuwafanyia majaji kile kile ninachowakataza ninyi.

Mwakilishi wa wilaya yangu na seneta wangu nitawapelekea nakala ya barua hii pamoja na tafsiri yake, niliyoifanya mwenyewe, bila malipo. Nawauliza jambo moja tu na ninaomba jibu la maandishi kabla ya tarehe 12 Januari: pendekezo la tume likija mbele yako likiwa peke yake, utalipigia kura gani? Jibu lolote nitakalopata nitalitafsiri neno kwa neno na kuwasomea wenzangu.

Wenu,
Mkalimani wa Kiswahili na mpiga kura wa Texas